Wafalme Wawili Waliobaki Ndooni

Safu ya Yuda ilifika dirishani ikiwa bado na wafalme wawili ndooni.

Nilishuka jukwaani, nikarudi nyuma, nikatazama ukuta, kisha nikatazama ndoo. Ukuta ulikuwa umejaa. Ndoo haikuwa tupu. Ndani yake kulikuwa na vigae vya Ahazi, vyote kumi na sita, na sita vya Hezekia, vimetulia tuli kama abiria walioachwa na gari.

"Baba," nikasema, "ukuta umeisha."

"Umeisha vipi?"

"Umeisha. Ahazi hana pa kukaa. Hezekia naye yuko kwenye foleni nyuma yake."

Baba hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye ndoo nyingine iliyopinduliwa, nyuma ya pazia la nailoni tulilolitundika toka darini hadi sakafuni. Mkono mmoja ulishika mwiko, wa pili alikuwa ameubana katikati ya magoti. Kila alipoubana hivyo nilijua siku yake imeanza vibaya.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, la sivyo mtu atadhani tumerukwa na akili. Chuo cha wachungaji kilitaka wanafunzi wake wawaone wafalme wa Kiebrania ukutani, kwenye ukumbi wa mihadhara, waache kuwachanganya kwenye mitihani. Safu mbili za vigae vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Ya juu buluu, wafalme wa Yuda. Ya chini kijani, wafalme wa Israeli. Kigae kimoja, mwaka mmoja, na kigae cha kwanza cha kila mfalme ni cheupe chenye jina lake. Ukuta huu wa pili ulianzia kwenye nguzo, pale ambapo mfalme wa Yuda na mfalme wa Israeli waliuawa katika maasi mamoja ya jemadari aitwaye Yehu. Uliishia dirishani, pale Samaria ilipoanguka: mwaka wa tisa wa Hoshea huku chini, mwaka wa sita wa Hezekia kule juu. Safu zinaanza pamoja, zinaisha pamoja. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Israeli ilikuwa imetii. Niliimaliza kwanza, na Hoshea alikaa kwenye ukingo wa dirisha kama aliyepimiwa na fundi nguo. Hata Zekaria wa miezi sita alipata nusu kigae chake, na yule maskini Shalumu wa mwezi mmoja nilimkatia kipande chembamba kama ukucha. Yuda ndiyo iliyonitoa jasho. Yothamu alipomaliza miaka yake, fremu ya dirisha ilikuwa hapo hapo puani mwake. Kwa ukuta wetu, Samaria ilianguka wakati Ahazi hajakikalia kiti.

"Umekosea kuhesabu," Baba akasema.

"Nimehesabu mpaka macho yanauma."

"Hesabu tena."

"Baba, ukuta wa kwanza ulitupiga chenga kwa vigae vitatu, tukavimeza. Tulitanua viungo huku, tukabana kule, hakuna jicho lililong'amua. Hivi ni ishirini na viwili. Nitavimeza vipi? Nivitafune?"

"Pilipili!"

Hilo ndilo jina langu nyumbani, na sikulipata kwa upole. Nilifunga mdomo. Tulikuwa na asubuhi moja tu. Msimamizi wa majengo alisema atapita kabla ya chakula cha mchana, na pazia lile la nailoni lingefunguliwa mbele yake.

Sasa jambo ambalo hatukumwambia mtu. Baba anaitwa Mzee Timazi, kwa ile kamba yenye risasi ambayo fundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama sawa. Hakuwahi kuacha ukuta uliopinda. Akiona kigae kimechomoza unene wa karatasi, alikuwa hali chakula. Lakini miaka sita iliyopita mikono yake ilianza kutetemeka, kwanza wa kulia, kisha yote miwili, na daktari akatuambia ugonjwa huu hautaondoka, utazidi. Siku hizi Mama ndiye humfunga vifungo vya shati, na chai anainywa kwa mrija. Tangu hapo kila kigae kilichosifiwa kwa jina la Timazi nimekipanga mimi. Ngazi ya maktaba ambayo watu huja kuipiga picha ni yangu. Chemchemi ya pale mahakamani ni yangu.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Baba alikaa karibu na mwanya wa pazia. Mtu akikaribia, alikohoa. Mimi nilishuka upesi, nikashika ndoo kama kibarua, naye akasimama mbele ya ukuta na mwiko wake, amekunja uso, anautafakari. Mgeni akiona uso ule hakuthubutu kumwambia, "Hebu nikuone ukiweka kimoja." Mwisho wa kila kazi kulikuwa na kiraka cha saruji nyeupe chini pembeni, ukubwa wa kiganja, ambamo Timazi hugandamiza dole gumba badala ya sahihi. Dole lake lilikuwa likiburuzika. Kwa hiyo hata dole lilikuwa langu.

Msimamizi alipotupa kazi hii alisema mbele yangu, "Sitaki wanafunzi wako, Mzee Timazi. Nataka mkono wako." Baba akajibu kabla sijavuta pumzi, "Mkono wangu." Wakiujua ukweli, tungetimuliwa mchana kweupe, na jina la Baba lingefia kwenye ukumbi ule mbele ya watu wa dini. Nilimlinda kwa sababu ni baba yangu na ninampenda. Lakini nitasema na hili: nilichoka. Nilitaka mara moja tu mtu asimame mbele ya kazi yangu na anitazame mimi.

Nikahesabu tena kwa sauti ili naye asikie. Athalia saba, Yoashi arobaini, Amazia ishirini na tisa, Uzia hamsini na mbili, Yothamu kumi na sita. Kilichoandikwa ndicho kilichokuwa ukutani.

"Unaona?" nikasema. "Tatizo si mkono. Tatizo ni ule mchoro."

Baba akageuza uso. Alijua ninasema nini. Mwalimu wa historia wa chuo alikuwa ametuchorea safu zote mbili, na kwenye mchoro wake baadhi ya wafalme wa Yuda walikuwa wamepandiana, baba juu, mwana chini, kama matofali yaliyomwagwa ovyo. Baba aliutazama siku ya kwanza, akaukunja. "Mama huyu hajawahi kupanga hata sabuni bafuni," alisema. "Kigae hakilali juu ya kigae. Tutahesabu kutoka kwenye Kitabu chenyewe, kila mfalme na miaka yake, mmoja baada ya mwingine." Nilibisha. Kubishana na Baba ni kazi ya kusukuma lori lililozimika mlimani, na mwisho ni wewe unayerudi chini.

"Leta nyundo," akasema.

"Ya nini?"

"Umeacha pengo mahali. Au umetumia vigae vinene. Nitafungua pale kwa Amazia nione."

"Baba, vimeshashika. Ukifungua vitapasuka, na vya buluu havitoshi."

"Nimesema leta nyundo!"

Sikuleta. Akainuka, akaichukua mwenyewe pamoja na patasi, akapanda jukwaani. Jukwaa letu lilikuwa mbao mbili juu ya mabomba, halina pa kushika. Kwa miaka sita hakuwa amelipanda. Niliona soli za viatu vyake zikigonga ngazi, na mbao zikaanza kucheza kwa ule mtetemo wake, makopo ya gundi yanalia juu ya mbao. Nililishika jukwaa kwa mikono yote miwili, nikaliegemea kwa bega.

"Baba, shuka. Tafadhali."

"Unanishika kama mtoto?"

"Ninashika jukwaa."

Akaweka patasi kwenye kiungo kati ya Amazia na Uzia. Ncha ilitambaa juu ya vigae, tik tik tik, haikai. Akapiga. Nyundo ilikosa patasi ikaangukia kwenye kigae cheupe chenye jina la Uzia, kikapasuka katikati. Baba akayumba, mguu wake mmoja ukatafuta ubao ukakuta hewa. Nilipiga kelele. Alidaka bomba kwa kiwiko, akabaki ananing'inia nusu, nusu amesimama, anahema.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa pazia, hapakuwa na wa kukohoa.

"Hodi humu," sauti ya mwanamke ikasema, na pazia likafunguka.

Alikuwa Mwalimu mwenyewe, miwani imening'inia kifuani, chaki kwenye mkono wa gauni. Alimwona Baba juu, akaniona mimi nimekumbatia mabomba. Alikuja akashika upande wa pili wa jukwaa, tukalituliza, na Baba akashuka ngazi kwa ngazi. Alipofika chini akaitia mikono yote miwili mifukoni. Mifuko ikaendelea kutikisika.

Mwalimu alivaa miwani, akauangalia ukuta kutoka kwenye nguzo hadi dirishani, akageuka akaangalia ndoo. Akaanza kucheka. Hakuwa anatucheka sisi, alicheka kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

"Mmejumlisha," akasema. "Ahazi na Hezekia wamekosa ukuta, sivyo? Kila mwaka wanafunzi wangu wanatumbukia humo humo. Mchoro wangu mliupeleka wapi?"

Nilimtazama Baba. Akatazama sakafu. "Ulikuwa na makosa," akasema kwa sauti ya chini. "Wafalme walikuwa wamelaliana."

"Ndivyo walivyokuwa, Mzee wangu." Akavuta ndoo akaketi, gauni lake zuri juu ya ndoo yenye saruji. "Sikiliza. Huyu uliyempasua hapa, Uzia. Alikuwa mfalme hodari, mjenzi wa minara. Siku moja akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyokuwa yake, akapigwa ukoma. Tangu hapo akakaa kwenye nyumba ya peke yake mpaka kufa. Mwanawe Yothamu ndiye aliyesimamia nyumba ya mfalme na kuamua kesi za watu. Sasa niambie. Miaka hiyo ni ya nani?"

"Ya baba," Baba akasema papo hapo. "Alikuwa bado hai."

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, binti? Unasemaje?"

Nilikuwa na jibu, lilinikaa kifuani miaka sita, lakini nililimeza. "Sijui, Mwalimu."

"Ni ya wote wawili. Waliomhesabia baba waliiandika kwa baba, waliomhesabia mwana wakaiandika kwa mwana. Hakuna aliyedanganya. Anayekosea ni yule anayeipanga mmoja baada ya mwingine, kwa sababu anaihesabu miaka ile ile mara mbili. Amazia na Uzia nao nadhani walipandiana hivyo hivyo. Wasomi hawajakubaliana yote, wengine wanaifupisha hata safu ya Israeli. Mimi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nimeiacha ya chini kama ilivyo, nikaacha wafalme wa juu wapandiane. Ndiyo maana mchoro ukaonekana umelaliana."

Baba alikuwa amekiangalia kile kigae kilichopasuka, midomo imebanwa. Nilijua anafanya hesabu, na sikujua ni ya wafalme au ya kwetu.

Hapo ndipo funguo zilipolia mlangoni. Msimamizi wa majengo hutembea na funguo za chuo kizima kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Aliingia, akalikuta pazia wazi, kigae kimepasuka, patasi sakafuni, na vumbi jeupe kwenye viatu vya Mwalimu.

"Ni nini hiki?" akauliza. "Wageni wanakuja Ijumaa. Timazi, ni nini hiki?"

Mwalimu akafungua mdomo, lakini Baba akamtangulia.

"Ni binti yangu," akasema. "Nilimwachia upande huu kidogo ajifunze. Kumbe bado. Amezipanga hesabu vibaya, zikavuka."

Miaka sita sikutajwa kwenye ukuta hata mmoja. Nimetajwa sasa, kwa kosa lisilo langu, mbele ya mtu mwenye funguo. Nilimtazama Baba usoni, hakunitazama.

"Si nilikwambia sitaki wanafunzi?" Msimamizi akafoka. "Nilikwambia nataka mkono wako! Binti, ni wewe uliyepanga hii?"

Ningeweza kuinamisha kichwa. Ningesema samahani, tungepewa siku mbili za kutengeneza, pazia lingefungwa tena, na maisha yangeendelea vile vile. Nikainua kichwa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi. Yote."

"Yote ipi?"

"Ukuta wote huu. Na ule wa kwanza, ambao ulileta watu wa gazeti kuuona. Na ngazi ya maktaba uliyoisifia siku ile unampa Baba mkono. Na chemchemi ya mahakamani. Kama kosa ni langu, basi na kazi ni yangu. Huwezi kunipa kosa peke yake, Baba. Nakataa."

Nilisikia sauti yangu ikigonga dari ya ukumbi ule mtupu. Nikajuta na sikujuta, vyote kwa pamoja. Baba alikuwa amefumba macho.

Msimamizi alinitazama mimi, akamtazama Baba, akaitazama mifuko ile inayotikisika, na nadhani kwa mara ya kwanza akaiona. Alikwenda kwenye mashine ya mkono ya kukatia vigae, akaweka kigae kimoja cha buluu.

"Timazi. Njoo ukate hiki."

"Bwana Msimamizi," Mwalimu akasema, "hakuna haja ya..."

"Haja ipo. Nilimwajiri nani? Akate tu."

Baba akatoa mikono mifukoni. Kukata kigae ni kazi ya pumzi moja: unavuta kigurudumu mara moja kwa mstari, kisha unabonyeza mpini, na kigae kinagawanyika. Alikishika kigurudumu. Kiliruka, kikachora mstari wa kombo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Akabonyeza. Kigae kikavunjika vipande vitatu.

Akaweka kingine. Miguu yangu ilitaka kwenda, nikaizuia kwa nguvu zangu zote. Nikimsaidia mbele yao bila kuitwa, nitakuwa nimemvua nguo. Nikimwacha, atajivua mwenyewe. Cha pili kikavunjika pia. Jasho lilimtoka Baba kwenye paji la uso, likadondoka juu ya mashine. Akaweka cha tatu, akashika mpini, halafu akabaki hivyo, ameshika tu.

"Pilipili," akasema. "Shika."

Hakusema kwa hasira. Aliachia mpini akasogea pembeni, hatua moja, nami nikasimama pale alipokuwa amesimama. Mpini ulikuwa bado na joto la mikono yake.

"Kata kwa urefu," Baba akasema. "Nusu ya juu ya baba, nusu ya chini ya mwana. Si ndivyo, Mwalimu? Wakipandiana hivyo, safu haiongezeki."

"Ndivyo hasa," Mwalimu akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilivuta kigurudumu, nikabonyeza. Kigae kiligawanyika nusu kwa nusu, safi. Nikazichukua zote mbili nikampa Msimamizi. Alizigeuzageuza kwenye kiganja.

"Mchoro niliukataa mimi," Baba akamwambia. "Binti alinibishia, mimi ndiye niliyemlazimisha. Hesabu ilikosewa na mimi. Mkono ni wake, miaka sita sasa. Nimekudanganya, na nimemdhulumu mwanangu hapa mbele yako." Akainua mikono yake miwili, akaiacha itetemeke hewani bila kuificha. "Hii ndiyo uliyoajiri."

Sijawahi kumwona Baba akilia, na siku ile pia hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mjinga mimi, na kigae mkononi.

Msimamizi alivuta shingo ya shati lake. Alionekana kama mtu aliyekuja kukamata mwizi akamkuta mgonjwa. "Makubaliano yetu," akasema, "yalikuwa mkono wa Timazi."

"Uzia aliitwa mfalme mpaka alipokufa," Mwalimu akasema akipangusa vumbi kwenye gauni, "na huku Yothamu anatawala. Hakuna kati yao aliyeitwa mwongo kwa hilo."

"Mwalimu, mimi si mtu wa vitabu. Mimi ni mtu wa kuta." Akanirudishia vile vipande viwili. Alinipa mimi. "Ijumaa ikifika safu hizi zikutane hapa dirishani. Zisipokutana, mnafunga virago wote wawili, mfalme na mwana wa mfalme. Na lile pazia liondoeni. Linaniudhi."

Funguo zikaenda zikilia koridoni.

Tulianza palepale. Niliifungua safu ya juu kutoka kwa Amazia, kigae kwa kigae, kwa patasi na pole pole, na vingi vilitoka vizima. Baba alikaa kwenye ndoo yake bila pazia, mchoro wa Mwalimu umefunuliwa magotini, ananisomea. Wanafunzi walipita wakasimama kutazama, na mara ya kwanza aliposikia viatu alikohoa kwa mazoea. Nikageuka nikamtazama. Akaona aibu, akacheka, nikacheka na mimi mpaka ubao ukatikisika.

"Sogeza hicho, kimechomoza," akasema.

"Hakijachomoza."

"Kimechomoza, Pilipili. Macho yangu hayatetemeki."

Nikalaza pimamaji juu yake. Kilikuwa kimechomoza. Nikakirudisha.

Siku ya Ijumaa mwaka wa sita wa Hezekia ulikaa juu ya mwaka wa tisa wa Hoshea, ukingo kwa ukingo, kwenye fremu ya dirisha. Ndoo ilikuwa tupu. Kulikuwa na sehemu mbili ambapo safu ya buluu inagawanyika kuwa nyembamba mbili, moja juu ya nyingine, na ukipita haraka utadhani ni pambo.

Kilibaki kiraka cha sahihi. Nilichanganya saruji nyeupe, nikaijaza kwenye pembe ya chini, nikailainisha. Nikaanza kulitoa dole langu kama kawaida.

"Ngoja," Baba akasema.

Alipiga magoti, ikamchukua muda. Akaweka dole lake mwenyewe kwenye saruji, na mkono ukamtetemesha, chapa ikatoka pana, imeburuzika upande mmoja, haina hata mstari mmoja unaosomeka. Aliitazama. Nilidhani ataniambia niifute.

"Weka na lako," akasema. "Hapo pembeni."

"Baba, mtu akilinganisha na la ngazi ya maktaba ataona ni hili hili langu."

"Alinganishe."

Nikaliweka. Kisha akaniagiza nichore miaka kwa msumari: chini ya dole lake, tangu mwaka aliposhika mwiko akiwa kijana hadi mwaka huu. Chini ya langu, tangu mwaka mikono ilipomkataa hadi mwaka huu. Nilichora, nikapuliza vumbi.

"Mtu akija kujumlisha," nikamwambia, "atapata miaka sita ya ziada."

Baba alikuwa ananyoosha mkono ili nimwinue. "Mwambie asibomoe ukuta," akasema.